Jirani wa Nangani: Mwongozo Kamili wa Kujenga Urafiki kwa Tunaosafiri kwa Matanga Kutoka Tanga

Mwezi wa saba, miaka michache iliyopita, pini ya usukani wa mashua yangu ilikatika kati ya Pemba na Tanga. Tulikuwa watatu chomboni, kusi, upepo wa kusini, imeshika kasi, simu hazina mtandao, na redio yetu ya mkononi ilikuwa imeingia maji tangu alfajiri. Tulitua tanga, tukafunga kasia shetri, yaani nyuma ya chombo, liwe usukani, lakini mkondo ukawa unatusukuma kaskazini kwa kasi kuliko tulivyoweza kujivuta magharibi. Aliyetufikia alasiri ile alikuwa mzee mwenye yoti ndogo ya kijani, ambaye siku mbili kabla tulikunywa naye kahawa Mkoani, bandari ya Pemba. Tulikuwa tumekubaliana naye jambo moja, kwamba kila baada ya saa mbili tutaitana redioni. Saa 4 hakutusikia. Saa 6 hakutusikia. Akageuza omo, mbele ya chombo chake, kuja kututafuta.

Kabla ya wiki ile sikumjua. Na kama nisingepiga hodi kwenye chombo chake na kukaa naye nusu saa, asingekuwa na sababu ya kuniita redioni wala ya kushtuka nisipoitika. Tangu hapo nimekuwa nikiuchukulia urafiki wa nangani kama sehemu ya vifaa vya safari, sawa na nanga na jaketi okozi. Huandaliwa kabla ya kuhitajika.

Mwongozo huu ni kwa wenye mashua, ngalawa au yoti wanaosafiri siku kadhaa au wiki kadhaa kwa kupenda bahari, wakianzia Tanga kwenda Pangani, Pemba, Unguja, Bagamoyo, au kuvuka kwenda Shimoni na Kilifi. Wasemao "Tanga, waja leo waondoka leo" hawakuwa wakitufikiria sisi, lakini maneno yale yanatuhusu kweli: rafiki wa baharini huenda ukawa naye siku tatu tu, na siku tatu hizo lazima zitoshe.

Kwanza: jua nani yuko baharini, na lini

Upepo ndio unaokupangia majirani. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, na nguvu yake iko kati ya wa sita na wa nane. Kaskazi, upepo wa kaskazini, hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Katikati kuna tangambili, upepo haujaamua, na asubuhi umande, upepo wa nchi kavu, hutoka bara ukakusukuma nje ya ghuba bila taabu. Juu ya yote hayo, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda mbio, wakati wa kaskazi hupungua, lakini haugeuki. Kwa hiyo anayeshuka kutoka Tanga kwenda Bagamoyo hata kwa kaskazi nzuri atajikuta anachelewa, na anayepanda kwenda Kenya kwa kusi atafika mapema kuliko alivyohesabu.

Sasa watu. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuishia Aprili. Pwani yetu iko karibu na ikweta, vimbunga hutufikia kwa nadra, ingawa kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba nadra si kamwe. Ndiyo sababu baadhi ya wanaozunguka dunia kwa yoti huchagua kukaa miezi hiyo Tanga au Kilifi, wakitengeneza vyombo na kungoja. Hao unaweza kuwa nao wiki nane, wakajifunza Kiswahili cha sokoni, wakala kwako sikukuu. Wanaokuja na kusi mara nyingi wanapita tu kuelekea kaskazini. Wape kilicho muhimu siku ya kwanza, usingoje ya pili.

Pili: anzia pwani, bila chombo

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wenye yoti, wenyeji na wageni sawasawa, ni kuzoeana wao kwa wao tu. Wanakutana Tanga Yacht Club pale Ras Kazone, ambapo ni mahali pazuri kweli, wanabadilishana habari, halafu wanaondoka bila kumjua mvuvi hata mmoja. Ukipata shida usiku nje ya kisiwa cha Ulenge, aliye karibu nawe atakuwa mvuvi mwenye karabai.

Nenda Sahare au Deep Sea asubuhi vyombo vinaporudi. Nunua samaki, kaa, uliza. Usianze na maswali ya samaki wako wapi, maana hayo ni maswali ya mshindani. Uliza majina: fungu lile linaitwaje, kipwa kile huonekana maji yakipwa kiasi gani, mlango gani hupitika usiku. Ramani ya bahari ina majina yake na wavuvi wana yao, na siku utakapoomba msaada utahitaji kutaja mahali kwa jina analolijua anayekuja. Andika yote mawili. Mimi nina daftari ambalo ukurasa mmoja wake ulijazwa na mzee wa Kigombe, mafungu kumi na moja kati ya kwao na Pangani, na sita kati ya hayo hayana jina kwenye ramani yangu.

Mzee mwamkie shikamoo kwanza, kisha umwite nahodha kama ni nahodha, na kwa kweli wengi wao ni. Fundi wa mashua mwite fundi, na usimkatize anapotia kalfati ukitaka akujibu vizuri.

Tatu: tia nanga kama mtu mwenye jirani

Hakuna urafiki utakaoanza vizuri iwapo usiku wa kwanza chombo chako kimemgonga mwenzako. Sheria ya nangani ni kongwe: aliyetangulia ana haki, na aliyefuata ndiye anayehama.

Hesabu yenyewe ndiyo watu huikosea. Maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, siku za maji makubwa. Ukifika maji yamekupwa, kina ni mita 5, ongeza mita 3.5 za kujaa, ongeza mita 1 ya kutoka usawa wa maji hadi omo, unapata 9.5. Zidisha mara 5 kwa mnyororo, unahitaji kama mita 48. Kwa kamba zidisha mara 7, ni mita 66 na ushei. Aliyepima kwa kina cha wakati ule akatoa mita 25 ataamka alfajiri yuko kwa jirani.

Halafu angalia mwenzako amefungwaje. Ngalawa yenye kamba fupi huzunguka duara dogo, yoti yenye mnyororo mrefu huzunguka duara kubwa, na upepo ukigeuka usiku maduara hayo hukutana. Muulize kwa sauti ametoa mita ngapi. Swali hilo, nimeona, ndiyo salamu bora ya kwanza kati ya vyombo viwili, kwa sababu linamwambia mwenzako kwamba unajali chombo chake kabla hata hujamjua jina.

Nne: hodi ya majini

Chombo ni nyumba. Mtu amelala humo, anabadili nguo humo, anaswali humo. Kwa hiyo:

Usiende kwa aliyetia nanga sasa hivi. Pengine hajalala siku mbili. Mpungie mkono, mwache mpaka asubuhi.

Ukiona bendera ya njano imepandishwa, mgeni huyo ametoka nje ya nchi na hajamaliza taratibu za kuingia. Usipande chomboni mwake wala usimruhusu apande kwako mpaka bendera ishuke. Unachoweza kufanya ni kumweleza kwa sauti ofisi ziko wapi: bandari, afya, Uhamiaji na Forodha. Akikuomba umsindikize kwa miguu siku inayofuata, nenda. Asubuhi moja ya kumsindikiza mgeni ofisini huzaa urafiki kuliko chakula cha jioni mara tatu, maana ni wakati ambao hajui pa kushika.

Fika na dingi yako, kijiboti cha kwenda pwani, au mtumbwi wako polepole, upande wa demani uliokingwa na upepo, zima mashine mapema, simama hatua kadhaa, kisha piga hodi. Usishike chombo chake mpaka aseme karibu. Asipotoka, ondoka, usizunguke ukichungulia.

Beba kitu kidogo. Madafu mawili, ndimu, mkate wa moto. Kikiwa kikubwa utamtia deni. Usiulize bei ya chombo. Usidhani mwanamume uliyemwona ndiye nahodha. Nimekutana na wanamama wawili waliovuka bahari peke yao, na wote wawili walichoshwa na swali la "mwenye chombo yuko wapi".

Ukialikwa kula, nenda na kikombe chako na sahani yako, na maji yako ya kunywa. Maji matamu chomboni huhesabiwa kwa lita, na kuosha vyombo vya watu wanane kunaweza kummaliza mwenyeji maji ya siku mbili. Mwezi wa Ramadhani usimpelekee Mwislamu chakula mchana kwa kutojua. Mpelekee jioni, ukiwahi futari, na utakuwa umeingia moyoni. Pombe usiipeleke ovyo, hasa kwenye maji ya Pemba. Anayeinywa atakuambia.

Tano: safari ya pamoja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo urafiki hupimwa na ndipo huvunjika.

Kaeni jioni ya kuamkia safari, chombo kimoja, chai moja, ramani katikati. Kubalianeni mambo haya kwa maneno na myaandike.

Mwendo ni wa aliye taratibu. Chukueni mfano wa Tanga hadi Mkoani, maili 37 za baharini hivi. Kwa maili 5 kwa saa ni saa saba na nusu, kwa maili 4 ni zaidi kidogo ya saa tisa. Mkitoka saa 12 asubuhi, wa kwanza anafika saa 7:30 mchana na wa mwisho kama saa 9:15 alasiri. Hilo ni jema kwa sababu moja kubwa: mnaelekea mashariki, na mchana jua litakuwa limeshapita nyuma yenu, hivyo miamba itaonekana kwa rangi ya maji. Anayeondoka usiku wa manane ili awahi, anafika asubuhi jua likimpiga usoni na maji yote yanang'aa kama bati. Na kwa kusi kali njia hiyo ni bisho tupu, upepo uko mbele yako, mkondo nao unakuvuta juu. Ngojeni tangambili au kaskazi.

Redio. Chaneli 16 ni ya kuitana na ya dharura. Mkishaitikiana hamieni chaneli nyingine mliyokubaliana, sema 72, mzungumze huko. Redio ya mkononi ya wati 5 kati ya vyombo vidogo hufika maili 5 hivi, ile ya kufunga ya wati 25 yenye antena juu ya mlingoti hufika maili 15 na zaidi. Kwa hiyo msiachane kupita uwezo wa redio iliyo dhaifu kuliko zote. Pangeni saa za kuitana, kila baada ya saa mbili, na swali liwe lilelile: uko wapi, wangapi wazima, kuna maji ngamani, chini kabisa ya chombo? Asiyeitika mara moja anangojwa. Asiyeitika mara mbili anatafutwa. Bila mjadala.

Mahali pa kurudi. Chagueni mapema mahali ambapo, hali ikiwa mbaya, wote wanaweza kugeuza, na saa ya mwisho ya kuamua. Soma utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku na tena alfajiri.

Kila nahodha anabaki nahodha wa chombo chake. "Manahodha wengi chombo huenda mrama," na katika msafara hatari yake ni ya namna nyingine: mtu mwenye wasiwasi anatoka kwa kuona haya tu, kwa kuwa wenzake wanatoka. Anayeongoza mazungumzo amuulize kila mmoja kwa jina, akianza na asiye na uzoefu, "Wewe kesho unatoka?" Akisema hapana, asiulizwe kwa nini. Niliwahi kuona msafara wa vyombo vitano ukigeuka wa vyombo viwili kwa swali hilo, na waliobaki wakapika pweza na kutungoja siku mbili baadaye kwa furaha.

Karatasi ya pwani. Mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye rangi ya chombo na ya tanga, majina ya waliomo, namba za simu, saa ya kutoka, saa ya kufika, na saa ya kupiga yowe. Mfano: tunatarajia kufika saa 8 mchana, ikifika saa 11 jioni hujasikia, anza kupiga simu kwetu na kwa jirani zetu wa nangani, jua likizama bila habari, piga 112, iarifu bandari na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kwa safari ya Pemba mwachie pia mtu wa upande wa pili. Na vyombo viwe na vibali vyake: bara ni TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini ya huko.

Sita: madeni

Urafiki mwingi wa nangani umekufa kwa bisibisi. Mtu anaazima, pepo zinabadilika, anaondoka nayo. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kuondoka, zunguka vyombo vyote ukirudisha. Kilichovunjika mikononi mwako kiseme kabla mwenyewe hajakiona. Dizeli rudisha kwa dizeli, lita kwa lita, kwa sababu mahali ulipo mwenzako pesa inaweza isimpatie mafuta.

Mvuvi aliyekuvuta ameacha nyavu zake. Kumwokoa mtu baharini ni wajibu wa kila nahodha na hakuna bei ya roho, lakini siku yake ya kazi imekwenda na mafuta yake yamekwenda. Muulize mafuta kiasi gani ametumia, mpe hayo, ongeza thamani ya siku, na umpelekee nyumbani kwake, mbele ya familia, si kumtupia noti juu ya maji. Fundi naye alipwe hata kama ni rafiki. Mafundi wa pwani yetu wamechoka kusikia "sisi ni ndugu" wakati wa hesabu.

Wenzetu wa nchi nyingine walilifikiria hili zamani. Seven Seas Cruising Association, iliyoanzia California mwaka 1952 na watu waliokuwa wakiishi vyomboni, ina desturi ya kuacha nyuma maji masafi: kila unapotoka, atakayefuata apokewe vizuri kwa sababu yako. Ocean Cruising Club ya mwaka 1954 humtaka mwanachama kamili awe amesafiri maili 1,000 za baharini bila kusimama. Ukiona bendera yao ya pembetatu yenye samaki panzi, ujue aliye chini yake ametoka mbali, na ana mengi ya kukufundisha ukimpa kiti na muda.

Saba: ugomvi

Utatokea. Jenereta usiku, muziki, mbwa, watoto wanaorukia maji karibu na dingi ya mtu. Nenda uso kwa uso, asubuhi, ukiwa umekula. Usiseme neno lolote la hasira redioni, kwa sababu ghuba nzima inasikiliza na aibu ya hadharani haisameheki upesi. Kundi la WhatsApp ni hivyo hivyo. Litumie kwa habari za upepo na za kufika tu.

Nane: habari za njia, na kuagana

Anayeondoka anastahili zawadi moja kutoka kwako, nayo ni habari ya kweli. Boya gani halipo, wapi nanga hushika na wapi ni matumbawe, kisima gani kina maji matamu, ada gani hulipwa ukienda kisiwa cha Maziwe, ambacho ni eneo la hifadhi. Tenganisha ulichokiona na ulichokisikia, taja tarehe na hali ya maji. "Nilipita hapo mwezi wa pili, maji mafu, nikapata mita 4" ina faida, maana maji mafu ni siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo. "Panapitika" inaweza kumpandisha mtu mwambani.

Weka kitabu cha vyombo. Kila unayekutana naye andika jina la chombo, rangi, majina ya watu na watoto, walikotoka, wanakokwenda, na jambo moja walilolipenda. Mimi huwapa wenyewe waandike, na wengine huchora. Miaka inapita, chombo kile kile kinatokea tena nyuma ya kisiwa cha Toten, na wewe unajua tayari kwamba binti yao anaitwa nani na kwamba baba hali kamba.

Siku ya kutoka, msindikize na dingi yako au mashua yako mpaka Ulenge kama hali inaruhusu. Mpe chakula cha siku moja kilichopikwa tayari, kwa sababu siku ya kwanza baharini ndiyo ya kichefuchefu na hakuna anayetaka kusimama jikoni. Mkubaliane saa ya salamu ya kufika na njia yake. Salamu yenyewe iwe fupi, yenye vitu vinne: mahali, saa, wote wazima, nanga imeshika. Ukiipata ijibu hata usiku wa manane, kisha mpigie mtu wake wa nchi kavu umwambie.

Mzee wa yoti ya kijani yuko mbali siku hizi. Bado anatuma. Ya mwisho ilinifikia saa 3 usiku: "Tumefika tulikokusudia, saa ya magharibi, wawili wazima, nanga imeshika." Nikajibu, nikafungua kitabu, nikaandika tarehe mbele ya jina la chombo chake.